Mpunga Hugeuka Nyasi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Kila msimu majaruba yangu huota majani yanayofanana kabisa na mpunga. Yakitoa masuke naona ndevu ndefu, na punje hupukutika hata mundu sijaunoa. Jirani anasema mbegu yangu imeasi, imerudi porini. Je, mpunga hugeuka nyasi?

JIBU: Marahaba. Mpunga ni nyasi tangu mwanzo, ukoo mmoja na muwa, mahindi na mianzi. Lakini jirani usimcheke bado.

Ng'oa shina moja, usilikate. Nasema hivi kwa aibu yangu mwenyewe. Ujanani, nikikusanya mimea ya kukausha, niliikata usawa wa maji kwa uvivu wa kuingia matopeni, nikaandika kwa mbwembwe jina la mpunga pori: Oryza longistaminata. Mzee aliyenifundisha aliuliza neno moja tu: "Mizizi?" Karatasi ile ikawekwa alama ya kuuliza.

Ukikuta mashina yanayotambaa chini ya tope, basi ndiye longistaminata mwenyewe, mmea wa kudumu, mwenyeji wa Afrika. Usipoyakuta, tazama pale jani linapoachana na shina. Pana kingozi chembamba kama ulimi. Kikiwa kifupi na butu, yaelekea ni Oryza barthii, mzazi wa mpunga wa Kiafrika, Oryza glaberrima, ambao wakulima wa Afrika Magharibi walianza kuulima miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Kikiwa kirefu kilichochongoka, tena punje ukizimenya ni nyekundu, hapo jirani yako anaukaribia ukweli: huenda ni Oryza sativa, ule ule unaoupanda, uliochanganyika na mwingine au kurudia tabia za kale.

Tabia yenyewe ni hiyo ya kupukutika. Mmea wa porini unaong'ang'ania punje zake hausambai; mkulima naye havuni kilichozama majini. Kwa vizazi na vizazi watu wa bonde la mto Yangtze, China, walibeba nyumbani masuke yaliyoshikilia punje, wakapanda hayo hayo. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa badiliko la herufi moja ya maandishi ya urithi, katika jeni iitwayo sh4, lilichangia sana kuzuia punje zisidondoke. Herufi moja! Mimi kwenye safu hii hukosea nyingi kuliko hapo.

Huyo wa mashina yatambaayo anatudai pia. Sampuli yake kutoka Mali ndiyo iliyotupatia jeni Xa21, kinga dhidi ya bakteria wanaobabua majani ya mpunga, iliyotengwa mwaka 1995. Longistaminata na mpunga wako wote wana kromosomu 24, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na zinalingana kiasi cha kuwezesha kuzalishwa pamoja, ingawa kwa taabu.

Hayo ni ya maabara. Jarubani ni adui, na jembe la kukatakata humzidisha, maana kila kipande chenye kifundo huchipua. Subiri maji yakauke, chimbua mashina yote, yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Kama ni yule wa punje nyekundu, badilisha mbegu, na chochote chenye ndevu usichokipanda king'oe kabla punje hazijakomaa.

Ukiwa bado na shaka, nitumie mmoja. Uoshe tope, na mizizi iwepo.