Kabla hujamfungulia mnasihi moyo wako

Anayetafuta mnasihi jijini Nairobi huanza kwa kuuliza bei, nami simlaumu, kwa kuwa kikao kimoja kinaweza kumeza pesa za matumizi ya wiki nzima. Hata hivyo, kwa sisi tunaopenda watu wa jinsia yetu, na kwa wenzetu ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa siyo wanayoijua nafsini mwao, liko swali linalotangulia bei: je, mtu huyu ataniona mimi mwenyewe kuwa ndiye ugonjwa? Liulize kwenye simu, kabla hujatuma hata shilingi.

Mimi ni mwanamke na mpenzi wangu ni mwanamke. Mnasihi mmoja niliyemwendea, mwenye cheti ukutani na sauti ya upole, alinipa fomu iliyotaka jina la mume. Nilipoiacha nafasi hiyo wazi aliniuliza kama nilidhulumiwa utotoni, kisha akapendekeza maombi ya kufunguliwa. Sina ugomvi na maombi. Mama yangu huniombea kila alfajiri. Ila Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, kwa hiyo anayeahidi kuyaponya anakuuzia dawa ya maradhi yasiyokuwepo, nawe una ruhusa ya kuondoka hata kabla saa yako haijaisha.

Ninayemwendea sasa nilimpata wakati mwenye nyumba, baada ya majirani kulalamika, alipotutaka tuhame mwisho wa mwezi. Nilikuwa silali. Nilitarajia tuanze na usingizi, lakini yeye aliuliza kwanza kama tulikuwa na risiti ya amana ya nyumba, kisha tukaketi kuandika, neno kwa neno, ujumbe wa kuidai. Usingizi tuliuzungumzia baadaye. Hakuniambia hata mara moja kwamba tatizo ni namna ninavyomfikiria mwenye nyumba. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vinavyotumiwa kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Mtu anayeishi chini ya vifungu hivyo akishtuka mlango unapobishwa usiku, hofu yake haikuzaliwa kichwani mwake. Ndivyo ilivyo pia kwa kijana wa mtaa wa Eastleigh, hapa Nairobi, ambaye moyo humwenda mbio kila aonapo gari la polisi kwa sababu amezoea kusimamishwa na kudaiwa kitambulisho. Mnasihi anayemfundisha kuvuta pumzi tu, bila kumuuliza polisi walimfanya nini, amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu siri, usione haya kudadisi. Uliza anaandika nini kukuhusu, daftari au faili hiyo hukaa wapi, nani mwingine ofisini anaifungua, na kama unaweza kutumia jina usilotumia kazini. Uliza pia ni hali gani itamlazimu kuivunja siri, hasa ukimwambia kwamba umefikiria kujiua. Wengi wetu tulilificha jambo hilo kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni hiyo ya Adhabu, mpaka Januari 2025 ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ikiwa mawazo hayo yanakusumbua leo, usingoje kumpata mnasihi anayekufaa kwa kila hali. Mwambie mtu unayemwamini, au nenda hospitali iliyo karibu.

Usajili nao ni wa kuthibitishwa, kwa maana Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili. Ila usajili hauonyeshi jinsi atakavyokupokea, na mimi hutegemea zaidi neno la marafiki waliokwisha kukaa kwenye kiti hicho.

Pesa zikikosekana, uliza waziwazi kama ana ada nafuu kwa wenye kipato kidogo, au kikundi kinachokutana kwa gharama ndogo. Vikao vya simu hupunguza nauli, lakini kama unaishi chumba kimoja na ndugu asiyejua habari zako, panga mapema utazungumzia wapi, na mkubaliane na mnasihi neno moja la kawaida utakalolitamka ili abadilishe mazungumzo mara mtu anapoingia. Wangu anajua kwamba nikitaja unga, tunahamia bei za sokoni.