Kuhama mtandao bila kupoteza namba: niliyoyaona Hong Kong

Ndugu uliyeuliza kama soko la simu la Hong Kong lilikua kwa sababu serikali ilijiweka kando, nakujibu kwa yale niliyoyaona nikiwa mteja, kwani niliishi na kufanya kazi kule tangu katikati ya miaka ya 1990. Ni kweli kwamba kampuni za simu za mkononi ziliachiwa kupanga bei zake. Hata hivyo, mdhibiti hakuziachia kampuni hizo zipange masharti ya kuingia sokoni wala ya mteja kuondoka, na kwa maoni yangu hapo ndipo tofauti ilipopatikana.

Ukiritimba wa kampuni iliyomiliki simu za mezani ulikwisha tarehe 30 Juni 1995, lakini mamlaka ya udhibiti, OFTA, ilikuwa imeanza kazi tangu 1993. Mwamuzi alikuwapo uwanjani kabla ya mchezo kuanza. Kampuni tatu mpya zilipewa leseni, na ile ya zamani ikalazimika kuunganisha mtandao wake na yao. Kwa simu za nchi za nje kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa leseni iliyoipa kampuni moja haki ya kutoa huduma hiyo peke yake ilikuwa idumu hadi 2006. Serikali ikakubali kuilipa kampuni hiyo fidia ya dola za Hong Kong bilioni 6.7 ili ushindani uanze Januari 1999. Wapo waliolalamikia gharama hiyo, lakini mimi nilikuwa nikipiga simu za nje kila juma, na niliona bei zikiporomoka mwaka uleule.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuja Machi 1999, mteja aliporuhusiwa kuhama mtandao wa simu ya mkononi bila kubadili namba. Kabla ya hapo nilikuwa mfungwa wa namba yangu. Nilikuwa wakala wa kusafirisha mizigo, na namba ile ilikuwa imechapwa kwenye kadi zangu na kuandikwa kwenye madaftari ya wateja nisioweza kuwafikia wote, hivyo nilivumilia mtandao uliokatika kila nilipoingia ghalani, nikilipa bei kubwa kuliko jirani zangu. Nilijaza fomu kwenye meza ya wauzaji waliojipanga kando ya Nathan Road, nikapewa kadi mpya ya simu (SIM) na kuambiwa niiweke siku fulani asubuhi. Kadi ya zamani ilipopoteza mtandao nilishikwa na hofu. Nikaweka mpya, jina la kampuni nyingine likatokea kwenye kioo, na simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya mteja wangu wa siku zote, ambaye hakujua kwamba kuna kilichobadilika. Kampuni niliyoihama ilinipigia siku chache baadaye kunibembeleza kwa bei ambayo haikuwahi kunipa kwa miaka yote niliyokuwa kwake.

Wakati huo jiji lilikuwa na kampuni sita za simu za mkononi. Wengi husema wingi huo ndio ulioshusha bei, lakini zilikuwapo sita hata kabla ya Machi, nami sikuweza kuondoka.

Nyaya za majumbani zinaonyesha upande mwingine wa udhibiti. Kampuni mpya ziliruhusiwa kutumia nyaya za ile ya zamani zinazoingia kwenye majengo, kisha mwaka 2004 ikaamuliwa kwamba ruhusa hiyo iondolewe hatua kwa hatua hadi katikati ya 2008, ili kila kampuni ijenge ya kwake. Niliuona uamuzi huo kuwa mkali, na bado naamini ulifaa kwa sababu tu majengo ya kule ni marefu na yamesongamana: mkongo mmoja ukiingia chini unahudumia mamia ya kaya. Mahali ambapo nyumba zimetawanyika, sharti hilohilo lingeua ushindani.

Halikuwa soko lisilo na kasoro. Nililipia dakika za simu nilizopokea sawa na nilizopiga, na mikataba mirefu iliendelea kuwabana wateja kwa faini za kuondoka mapema, jambo ambalo nadhani mdhibiti alilitazama kwa upole uliopita kiasi. Kwa hiyo, unapolipima soko la jiji lolote, usianze kwa kuhesabu leseni. Uliza kwanza inamchukua mteja siku ngapi, na gharama kiasi gani, kuondoka na namba yake.