Barakoa ya kawaida haitoshi
Dada uliyeuliza kama barakoa ya kawaida inakutosha kujikinga na kifua kikuu ukihudumia wagonjwa hapo zahanati ya Ngamiani: haitoshi. Hiyo mvalishe mgonjwa anayekohoa, inazuia matone yake yasisambae. Wewe unahitaji N95, barakoa maalumu inayochuja hewa unayovuta, iliyokaa vizuri usoni, isiyovuja pembeni. Na hata hiyo ni kinga ya mwisho, baada ya hewa safi na kumtenga anayekohoa. Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa kadhaa, na kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ileile tu. Kizimeni, fungueni madirisha ya pande mbili. Upepo wa bahari Tanga mnao bure, jamani! Anayekohoa asipange foleni na wajawazito: mwulizeni mapema, akae barazani, ahudumiwe kwanza. Makohozi ya kupima ayatolee nje penye hewa, kamwe si chooni.