Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Milimani na Katika Miji ya Kale

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Tulikuwa wawili kwenye pikipiki ya cc 250, tunashuka mlima mrefu wenye kona nyingi. Kabla hatujafika chini breki ya mbele ikalainika, mkono wa breki ukawa unaingia mpaka karibu na mshikio. Tukapumzika, ikarudi kama kawaida. Fundi ameikagua, anasema pedi bado nene na hakuna panapovuja. Tatizo ni nini?

Jibu: Fundi hajakosea. Kilichokuangusha ni mafuta ya breki: yalichemka.

Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, hata pikipiki ikiwa imeegeshwa tu. Mafuta mapya ya DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155 hivi, na diski inayobanwa mfululizo kwenye mteremko hufika huko bila shida. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya vidole vyako inaishia kubonyeza mapovu badala ya kusukuma pedi. Mkipumzika mvuke unarudi kuwa maji, na kila kitu kinaonekana kizima. Ndiyo maana fundi hakuona kitu.

Kuna hitilafu nyingine inayofanana na hii. Mkono ukibaki mgumu kama kawaida lakini pikipiki haipungui mwendo, tena unasikia harufu ya kuungua, hapo ni pedi zilizopata joto kupita kiasi. Mkono laini ni mafuta, mkono mgumu ni pedi. Kwa vyovyote vile simama, ziache zipoe zenyewe. Usimwagie diski maji, inaweza kupinda.

Badilisha mafuta kila baada ya miaka 2, na kabla ya safari ya milimani kama hukumbuki yalibadilishwa lini. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki kilicho kwenye pikipiki. DOT 5.1 inaweza kuchukua nafasi ya DOT 4, lakini DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo. Kuyabadilisha, chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye niplo ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Bana mkono wa breki, fungua niplo, mafuta yatoke, funga niplo, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kufunga, umevuta hewa ndani na kazi inaanza upya. Rudia mpaka yatoke safi bila povu, na kikopo cha juu kisikauke hata mara moja. Yakidondokea rangi ya tenki, osha kwa maji papo hapo, maana huibandua.

Mafuta mapya peke yake hayatoshi kama uendeshaji haubadiliki. Madereva husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Mkiwa wawili na mizigo, shuka gia moja chini ya hiyo, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Breki zishike zote mbili kwa nguvu kidogo na kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia kabisa, ziache zipate upepo. Kinachochemsha ni kuzigusagusa mfululizo, na mkosaji mkubwa ni mguu wa kulia unaopumzishwa juu ya pedali bila mwenyewe kujua. Na wale wanaoshuka kwa nyutro eti waokoe petroli: pikipiki ya injekta, ikiwa kwenye gia na mkono wa mafuta umefungwa, kwa kawaida hukata mafuta kabisa. Kwenye nyutro lazima yaendelee kuingia ili injini isizime. Unapoteza breki ya injini, na wese huokoi.

Swali: Pikipiki yangu ni ya kabureta. Nikipita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari inaishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi. Nibadilishe jeti, kile kitobo kinachopitisha petroli?

Jibu: Kama unapita tu na kushuka siku hiyohiyo, hapana. Hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na nguvu ya injini hupungua nayo. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina mafuta karibu yaleyale, basi mchanganyiko unazidi mafuta: moshi mweusi, plagi yenye masizi makavu, harufu ya petroli kwenye ekzosi. Hakikisha choki imefunguka kabisa na kichujio cha hewa ni kisafi, kwa sababu kichujio kichafu huzidisha tatizo hilohilo. Kisha panda kwa gia ndogo, mkono wa mafuta nusu. Ukiukamua wote injini inazidi kuzama.

Ukikaa huko juu kwa siku kadhaa, hamisha klipu ya sindano ya kabureta pengo moja kwenda juu ili sindano ishuke. Kabla ya kurudi bondeni irudishe ilikokuwa. Ukisahau, injini itakosa mafuta kwenye hewa nzito, itapata joto, na pistoni inaweza kutoboka. Moshi wa bluu ni habari nyingine kabisa, hiyo ni oili inaungua.

Swali: Kwenye ramani naona kilomita 400 tu kati ya miji miwili ya kale nitakayotembelea, njia ya milimani. Siku moja inatosha?

Jibu: Haitoshi, labda kama huna haja ya kuona chochote. Barabara ya kona za mfululizo hukupa wastani wa kilomita 40 kwa saa, mara nyingi chini ya hapo, na bado hujasimama kupiga picha. Kilomita 200 kwa siku zinatosha.

Chukua mfano wa barabara ya Stelvio, kaskazini mwa Italia, iliyokamilika mwaka 1825 enzi za magari ya farasi. Kutoka Prato inapanda zaidi ya mita 1,800 katika kilomita 24 hivi, ina kona 48 za kugeuka kabisa, na kilele chake kiko mita 2,757. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo kileleni kuna baridi ya nyuzi kama 12 zaidi ya chini, kabla hujahesabu upepo. Vidole vikifa ganzi, breki na klachi vinachelewa. Vaa glavu nzito na koti la mvua kabla hujaanza kutetemeka.

Kwenye kona za aina hiyo, maliza kupunguza mwendo ukiwa bado umenyooka, ingia kwa gia ya kwanza au ya pili, na geuza kichwa utazame kona inakoishia. Wanaoanguka wakati wa kupanda huangushwa na injini kuzima katikati ya kona. Shikilia klachi nusu, mafuta kidogo, breki ya nyuma kwa mbali. Usikate kona usiyoona mbele yake. Basi linalokuja haliwezi kugeuka bila kuchukua upande wako, na hata matairi yako yakiwa ndani ya mstari, kichwa chako kilicholala kinaweza kuwa kimeshauvuka.

Swali: Mizigo na abiria vinabadilisha nini kwenye pikipiki?

Jibu: Karibu kila kitu cha nyuma. Vizito viwe chini na karibu na katikati, mifuko ya pembeni ilingane uzito, kisanduku cha nyuma kibebe vyepesi tu, la sivyo usukani unakuwa mwepesi na kuanza kucheza. Kaza springi ya shokapu ya nyuma, jaza upepo kwa kipimo cha watu wawili kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki, kisha inamisha taa maana sasa inamulika angani. Cheni ipimwe kwenye sehemu yake iliyokaza zaidi. Pikipiki nyingi za lami hutaka mchezo wa milimita 20 hadi 30, za njia mbovu zaidi ya hapo; fuata kitabu chake. Cheni iliyokazwa mno hukaza zaidi abiria akipanda, na hula beringi ya gia boksi.

Swali: Barabara za mawe za miji mikongwe hunitisha, hasa mvua ikinyesha. Kuna mbinu?

Jibu: Mawe hayo yamesuguliwa na magurudumu miaka mingi mpaka yanang'aa. Endesha pikipiki ikiwa imesimama wima, gia ya pili badala ya ya kwanza ili injini isivute kwa kushtuka, na breki ya nyuma iwe ndiyo inayotangulia. Reli za tramu zikatize karibu na pembe mraba, kamwe usizifuate sambamba. Mifuniko ya chuma na mistari ya rangi ipite bila kulala wala kushika breki.

Miji mingi ya aina hii hufunga katikati yake kwa vyombo vya moto. Italia maeneo hayo huitwa ZTL na kamera hupiga picha namba yako unapoingia. Faini hukufuata baadaye. Egesha nje, ingia kwa miguu. Na unapoegesha mlimani, elekeza gurudumu la mbele upande wa juu, acha gia ya kwanza, na weka kipande cha ubao au chuma bapa chini ya stendi ya pembeni. Ncha yake ikidumbukia kati ya mawe mawili, pikipiki italala.

Swali: Upepo wa tairi urekebishwe kileleni?

Jibu: Uache. Kipimo hupanda kama psi 1.5 kila mita 1,000 kwa sababu hewa ya nje imepungua, lakini baridi hukishusha. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.