Maswali ya Wasomaji: Mkono wa Noor

SWALI: Shikamoo Bibi. Ninaandika riwaya kuhusu msichana jasusi mjini Paris wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wakiwa wameikalia Ufaransa. Msichana wangu ni mrembo, ana shabaha, anawalewesha maofisa wa Kijerumani mpaka wanatoa siri zote, wala hakosei hata mara moja. Rafiki yangu amesoma mswada, anasema hamwamini. Sura pekee aliyoipenda ni ile ambayo msichana anaogopa, nami nilitaka kuifuta. Je, nikimtia woga na makosa, si nitakuwa nimemvunjia heshima shujaa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Sura hiyo usiifute. Zifute zile za kulewesha maofisa.

Nitakwambia kwa nini nalishikilia jambo hili. Baba yangu alikuwa mpiga simu za maandishi, zile za kugonga nukta na vistari, katika stesheni ya reli, Korogwe. Akiwa zamu ya usiku nililala kwenye benchi ofisini mwake nikisikiliza kile kitufe kikigonga, fupi, ndefu, fupi, fupi. Usiku mmoja alisema, kalamu ikiwa bado mkononi, "Leo Mombo yuko kijana mgeni. Mzee atakuwa anaumwa." Hakuna aliyekuwa amempa habari hiyo. Aliutambua mkono. Kila mpiga simu ana namna yake ya kuvuta vistari na kuharakisha nukta, na aliyezoea kusikiliza huujua mkono wako kama anavyoujua mwandiko wako. Huko London, ile idara ya siri ya Waingereza iliyoitwa SOE iliweka kumbukumbu ya mkono wa kila mpiga redio kabla hajaondoka, ili baadaye wamtambue.

Kwa hiyo nikisikia jasusi wa kike, namwona mtu aliyejifungia chumba cha kupanga, waya umetandazwa nje ya dirisha, vidole viko kwenye kitufe na masikio yako barabarani. Magari ya Wajerumani yenye mitambo ya kutafuta mawimbi yalizunguka mitaani. Ukipiga kwa muda mrefu mahali pamoja, wanakusogelea nyumba kwa nyumba. Basi unapiga upesi, unafunga sanduku, unahama. Mtu wa kazi hiyo anaomba Mungu asitazamwe. Msichana wako kila akiingia mahali ukumbi mzima unamkodolea macho. Angekamatwa siku ya kwanza.

Soma habari za Noor Inayat Khan. Alizaliwa Moscow mwaka 1914, baba yake Mhindi, mwalimu wa Kisufi na mwanamuziki, mama yake Mmarekani. Alikulia kando ya Paris, akapiga kinubi, akaandika hadithi za watoto. Mwaka 1940 Wajerumani walipoingia, familia ilikimbilia Uingereza, naye akajiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga na kufundishwa redio. SOE walipomchukua, wakufunzi waliandika kwamba hana utulivu na kwamba ni shaka kubwa kama anafaa kupelekwa. Husimuliwa hata kwamba alionywa kwa sababu ya chai: alitangulia kutia maziwa kikombeni, Kiingereza kabisa, jambo ambalo mbele ya Wafaransa lingemfichua. Mwanangu, kikombe kile cha chai kinatisha kuliko bastola zako zote.

Walimpeleka hivyo hivyo. Usiku wa tarehe 16 Juni 1943 ndege ndogo ilimshusha Ufaransa, mwanamke wa kwanza kupelekwa huko akiwa mpiga redio. Hazikupita wiki mbili, mtandao wa majasusi aliokwenda kuutumikia ukavunjwa, watu wakakamatwa mmoja baada ya mwingine. London ilimtaka arudi. Akakataa, maana angeondoka, wenzake wangebaki Paris bila mtu wa kuwaunganisha na London. Akabaki, akihama na sanduku lake. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akijaribu kutundika waya wa redio mtini, ofisa wa Kijerumani aliyeishi jengo hilo hilo akamwona, akadhani binti anataka kusikiliza muziki, akamsaidia kuutundika.

Sasa kosa. Noor aliweka daftari, na ndani yake ujumbe wote aliotuma na kupokea. Inaaminika hakuelewa vizuri agizo alilopewa kuhusu kuhifadhi ujumbe. Oktoba 1943 alisalitiwa na kukamatwa, na Wajerumani wakalipata daftari lile pamoja na redio. Yeye mwenyewe hakuwapa msaada. Alijaribu kutoroka kupitia dirisha la bafu, na mara nyingine akafika mpaka juu ya paa pamoja na wafungwa wengine wawili. Lakini daftari lilitosha. Wajerumani wakaanza kuiandikia London kwa jina lake. Mkono haukuwa wake, na London iliyojisifu kuijua mikono ya watu wake ikajibu. Februari 1944 majasusi watatu waliruka kwa parachuti wakidhani wanapokewa na wenzao, wakatua mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Madeleine Damerment.

Noor alifungwa Pforzheim, Ujerumani, minyororo mikononi na miguuni, kwa miezi kama kumi. Tarehe 13 Septemba 1944 alipigwa risasi katika kambi ya wafungwa ya Dachau pamoja na majasusi wenzake, Yolande Beekman, Eliane Plewman, na huyo huyo Madeleine Damerment. Alikuwa na miaka 30. Kila nikifika hapo nafunga kitabu kwanza. Mwaka 1949 Waingereza walimpa nishani ya George Cross.

Ukiliondoa daftari ili Noor awe malaika, umemwondoa na Madeleine, na usiku wa parachuti, na uzembe wa wale wakubwa wa London waliokuwa na saa na chai ya kutosha kujiuliza huyu anayeandika ni nani. Mpe msichana wako daftari lake. Mwache aogope ngazi zikilia usiku. Kisha niletee sura hizo, nitazisoma.

SWALI: Bibi, je, kati ya wanawake hao alikuwepo yeyote kutoka pande zetu za Bahari ya Hindi?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Yuko, Lise de Baissac, mzaliwa wa Curepipe, Mauritius, mwaka 1905. Septemba 1942 yeye na Andrée Borrel walikuwa wanawake wa kwanza wa SOE kuruka kwa parachuti Ufaransa. Borrel aliuawa. Lise aliishi Poitiers akijifanya mjane mpenda mawe ya kale, karibu kabisa na ofisi za Gestapo, akiendesha baiskeli yake. Mwaka 1944 alirudi tena, safari hii Normandy. Wajerumani wakamtoa chumbani ili wakae wao. Alipokwenda kuchukua nguo zake akakuta wamelikunjua lile parachuti alilolishona kuwa mfuko wa kulalia, nao wamelikalia, wala hawajui ni nini. Alifariki mwaka 2004, akiwa na miaka 98.