Mbegu za mwanaume zinakaa siku ngapi ndani ya mwanamke? Jibu kwa kijana wa Busia na dada wa Bweyale

Wadau habari zenu. Nimeona maswali mawili humu tangu jana na majibu mengi yanatisha watu bure, wacha niandike kwa urefu maana hii mambo mimi na mke wangu tumeipitia. Kijana wa Busia anauliza, juzi amelala na mchumba wake siku 2 baada ya hedhi kuisha, akamwaga nje, binti akaenda kukojoa na kuoga palepale, je mimba inaweza kushika? Dada wa Bweyale yeye anaitafuta hiyo mimba, mume anafanya kazi mbali anarudi wikiendi tu, wamejaribu miezi 8 sasa hakuna kitu na mama mkwe ameanza maneno.

Yote mawili yanajibiwa na kitu kimoja: mbegu zinaweza kulingoja yai, lakini yai haliwezi kuzingoja mbegu. Mbegu zikishaingia ndani na zikakuta ule ute mzuri wa siku za hatari zinaweza kuishi mpaka siku 5. Yai likishatoka linaishi saa 12 mpaka 24 hivi, basi. Kwa hiyo siku za kushika mimba kwa mwezi ni kama 6 tu, zile 5 kabla yai halijatoka na siku yenyewe linapotoka. Ukichelewa kesho yake mara nyingi mlango umefungwa mpaka mwezi ujao.

Sasa yai linatoka lini, hapo ndo watu wanapotea. Kila mtu anaimba siku ya 14, siku ya 14, ukihesabu tangu siku hedhi ilipoanza. Hiyo ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, na wangapi wanao? Yai hutoka kama siku 14 KABLA ya hedhi inayokuja, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 24 lake linatoka karibu siku ya 10, na wa siku 35 karibu siku ya 21. Tena linaweza kuwahi au kuchelewa, safari, ugonjwa, mawazo, yote yanasogeza.

Kijana, chukua hizo hesabu. Hedhi ya mchumba wako ikichukua siku 5, nyinyi mlikutana siku ya 7, na kama mzunguko wake ni mfupi yai linatoka siku ya 10, mbegu za siku ya 7 zitakuwa bado zipo. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana. Kumwaga nje kunapunguza lakini hakuzuii, yale maji yanayotangulia yanaweza kuwa na mbegu, na katika wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo kwa mwaka mzima kama 20 hivi hupata mimba. Kukojoa hakusaidii maana mkojo una njia yake nyingine kabisa, na kuoga hakufuati mbegu zilizoshapita mlango wa kizazi. Na asiingize sabuni wala ndimu ndani jamani, hiyo inaunguza tu na kuleta maambukizi.

Lakini umesema ni juzi, basi muda bado upo, acha kusoma majibu humu nendeni kituo cha afya leo. Vidonge vya dharura vinafanya kazi vizuri ndani ya saa 72, na kadiri mnavyowahi ndo bora, vinachelewesha yai kutoka, havitoi mimba iliyokwisha shika. Kuna pia koili ya shaba, kile kitanzi kinachowekwa kwenye kizazi, ikiwekwa ndani ya siku 5 inazuia vizuri kuliko vidonge. Kama hamjui hali zenu za virusi vya Ukimwi ulizeni pia PEP, dawa za kuzuia virusi hivyo baada ya tendo, hizo mwisho wake ni saa 72. Kipimo cha mkojo msikimbilie kesho, subirini hedhi ichelewe au wiki 3 zipite tangu siku ile, mkipima mapema kitawadanganya.

Dada wa Bweyale, wewe nakuelewa sana. Mimi ni dereva wa trela, Malaba mpaka Elegu na kuendelea Juba, nyumbani Tororo napita tu. Mzunguko wa mke wangu ni mrefu, siku thelathini na kitu, na mimi nilikuwa nafika siku yoyote mzigo unaponiruhusu. Musawo (mhudumu wa afya) mmoja mama mtu mzima kwenye kituo cha afya ndo alitukalisha chini, akatuchorea kalenda kwenye karatasi, akamwambia mke wangu aangalie ute: ukiwa mzito au hakuna, bado, ukianza kuwa mwepesi unateleza unavutika kati ya vidole kama ute wa yai la kuku, anipigie simu nije. Na hakuna haja ya kulenga saa, kwa sababu mbegu zinangoja, mkikutana siku 1 au 2 kabla yai halijatoka ndo pazuri zaidi. Madereva wengine wanasema ubane wiki 2 ili zijae, hapana, zikikaa sana nyingi zinachoka, kila siku 2 au 3 ni sawa.

Na mume apimwe. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mama mkwe anamsema mwanamke peke yake wakati karibu nusu ya ndoa zenye shida hii mwanaume naye ana sehemu yake. Nguvu za kitandani na wingi wa mbegu ni vitu viwili tofauti, unaweza kuwa simba na mbegu hazitoshi. Kipimo si cha kutisha, unakaa bila tendo siku 2 mpaka 7, unatoa manii kwenye kikopo wanachokupa, na kama umetolea nyumbani unawahi maabara ndani ya saa moja. Mimi nilikibeba ndani ya shati kimegusa tumbo kisipoe, boda akiniuliza mbona nashika tumbo. Majibu yakiwa mabaya mara ya kwanza wanarudia baada ya kama miezi 3, maana mbegu mpya huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa, ndo muda wa kuacha sigara na kupunguza pombe ya waragi.

Miezi 8 bado si ugonjwa, wenzi wazima wana nafasi kama 1 kwa 4 au 5 kila mwezi, na chini ya miaka 35 hospitali husubiri mwaka. Ukishapita 35 usivuke miezi 6, na hedhi ikiwa inaruka miezi au uliwahi kuugua sana tumbo la chini usisubiri kabisa. Hebu tuambie mzunguko wako una siku ngapi na mume anafika siku gani, tuhesabu pamoja.