Kifaa cha kusomea vitabu: ununue au utumie simu?

Ndugu, nimekuelewa: unataka kusoma riwaya za zamani za kina Dickens na Tolstoy, vitabu ni vya bure na simu unayo, sasa hela ya kifaa cha kusomea, kama Kindle, ya nini?

Anza na simu. Ingia Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure, kuna vitabu zaidi ya 70,000. Pakua kimoja cha EPUB (faili la kitabu ambalo herufi zake unaweza kuzikuza) ukimalize. Ukikwama kwa uvivu, hakuna kifaa kitakachokuponya. Ukikwama kwa sababu WhatsApp inakuita kila ukurasa na mwanga unakuchosha, hapo nunua. Skrini yake ya wino wa kielektroniki, isiyong'aa kama ya simu, inasomeka hata juani, na chaji inakaa wiki kadhaa. Kwa umeme wetu huu, si haba.

Mimi ningechukua cha mtumba cha inchi 6. Kiwashe mbele ya muuzaji, funua kurasa kadhaa, angalia kama skrini ina mistari isiyofutika, na ahakikishe ameondoa akaunti yake. Skrini ikipasuka, mara nyingi ni heri kununua kingine.

Ila kama vitabu vyako ni PDF za kurasa zilizopigwa picha, achana na kifaa hicho kidogo: herufi zitakuwa kama sisimizi. Tafuta tableti. Na macho yakiuma hata usiposoma, muone daktari wa macho kwanza.

Vitabu vya Kiswahili usivitegemee huko Gutenberg, ni vichache mno.